Ruiru na Thika: Safari ya Kuutazama Mtaa wa Mtoto Wetu



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), napenda kuwasimulia wasomaji wetu watukufu, hasa kina mama wenye watoto walio mbali, safari niliyoifanya bara mwezi uliopita. Haikuwa safari ya matembezi. Nilitumwa.

Ndugu yangu wa kike, akaaye Kisauni, alinijia baada ya swala ya Alasiri akiwa na simu mkononi. Alinionyesha video iliyokuwa ikizunguka katika kundi la kina mama wa mtaani kwake: vijana wawili juu ya pikipiki wakimpokonya mwanamke mkoba kando ya barabara, na chini yake maandishi kwamba hapo ni Ruiru. Binti yake, ambaye ni mpwa wangu, anakaa Ruiru na kufanya kazi katika kiwanda kimoja mjini Thika. "Kaka," akaniambia, "nenda ukanirudishie mwanangu. Kazi ataipata huku huku." Mimi na yeye twajua kuwa huku kazi aliitafuta miaka miwili asiipate, na kwamba mshahara wa binti huyo ndio umlipiao karo mdogo wake. Lakini mama akishaingiwa na hofu, hesabu hizo hazimtulizi. Nikamwambia, "Nitakwenda nione kwanza, kisha tutashauriana."

Nilipanda treni ya asubuhi Miritini, na adhuhuri ilinikuta nikiwa Nairobi. Kutoka mjini nikapanda matatu iendayo Thika. Barabara hiyo kuu, iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, ni pana ajabu. Sehemu nyingine ina njia nane, na juu yake vimewekwa vivukio vya waendao kwa miguu. Nilikuwa nimevaa kanzu na kofia. Bwana aliyeketi karibu nami aliutazama mfuko wangu mara mbili, kisha akaniuliza natoka wapi. Sikukasirika. Tarehe 4 Mei 2014 mabasi mawili yalishambuliwa kwa mabomu kwenye barabara hiyo hiyo, wakafa watu na wengi wakajeruhiwa, na wasafiri wake hawajasahau. Nilimjibu kwa upole, tukazungumza hadi Githurai alikoshuka, na wakati wa kuagana alinitakia safari njema. Hapo nilipata funzo langu la kwanza: mimi niliyekuja nikiwahofia watu wa huko, wao nao walikuwa na sababu zao za kunihofia mimi.

Ruiru zamani ilikuwa nchi ya kahawa. Hapo ndipo kilipo kituo cha utafiti wa zao hilo, na mbegu ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilichukua jina la mji huo. Leo mashamba mengi yamekatwa viwanja, na penye mikahawa pamesimama maghorofa ya vyumba vya kupanga. Sensa ya 2009 iliwahesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ile ya 2019 ikawahesabu 490,120. Katika miaka kumi mji umeongezeka zaidi ya mara mbili, ukawa wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika nayo iliongezeka kutoka watu 136,917 hadi 251,407.

Nawaomba wasomaji watafakari maana ya hesabu hizi. Nyumba hujengwa kwa miezi sita; taa za barabarani, kituo cha polisi na njia iliyosakafiwa huchukua miaka. Mtu huhamia ploti yenye vyumba arubaini asimjue hata mmoja wa majirani zake, na baada ya mwaka nusu yao wamekwisha kuhama. Kwetu katika mitaa ya zamani, mgeni akipita uchochoroni, bibi aliye barazani humuuliza aenda kwa nani. Ruiru nyumba nyingi hazina baraza, na bibi amebaki kijijini. Mwizi hupenda mahali ambapo hapana amjuaye.

Ni kweli pia kwamba katika taarifa za polisi Kaunti ya Kiambu, iliyo na miji hii miwili, mara kwa mara hutajwa pamoja na Nairobi miongoni mwa kaunti zenye makosa mengi yaliyoripotiwa. Taarifa hizo huwatisha watu. Lakini Kiambu, kwa sensa ya 2019, ilikuwa na watu 2,417,735, kaunti ya pili kwa wingi wa watu baada ya Nairobi yenye 4,397,073. Penye watu wengi, makosa nayo yatahesabiwa mengi. Anayetaka kujua hatari imfikiayo mtu mmoja hana budi kuyagawanya makosa hayo kwa idadi ya watu, na baada ya hapo aulize ni makosa ya namna gani, yatokea saa ngapi, na yawapata kina nani.

Mpwa wangu alinipokea kwenye steji, akanibusu mkono kama alivyolelewa. Chumba chake ni cha ghorofa ya tatu, safi, chenye mswala pembeni na sufuria mbili. Nilipokwisha kunywa chai nikamwonyesha ile video ya mamake. Aliitazama, kisha akatabasamu. "Mjomba, hebu tazama magari. Yote yanapita upande wa kulia. Hapa si Kenya hii."

Nikatazama tena, na kweli. Mimi mwenye umri huu, ninayewafundisha vijana kila wiki kuwa Qur'ani katika Suratul Hujurat imetuamrisha kuichunguza habari tuletewayo kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, nilikuwa nimesafiri siku nzima kwa habari ya nchi nyingine. Tukacheka sote wawili.

Kisha akanyamaza, akaanza kukikunja kunja kitambaa cha meza. "Lakini, Mjomba, nisikufiche. Mimi nilinyang'anywa simu mwezi wa tatu. Sikumwambia mama."

Alinieleza kwamba siku hiyo alitoka kazini saa mbili usiku, akafika Ruiru yakaribia saa tatu. Kutoka barabara kuu hadi kwake kuna mwendo wa dakika kumi na tano, na sehemu moja yapita kando ya ukuta mrefu wa kiwanja kitupu, hapana taa wala duka. Walimjia wawili kwa miguu. Hawakumgusa, alhamdulillahi, walichukua simu na pesa za nauli, wakaenda zao. Hakwenda polisi, kwa kuwa wenzake walimwambia atapewa karatasi tu. Kwa mamake alisema simu imeharibika.

"Kwa nini ukamficha?" nikamuuliza.

"Ningemwambia, angenirudisha siku ile ile."

Nilikaa na maneno hayo usiku kucha. Hofu yetu sisi wazazi ilikuwa imemfunga mtoto mdomo. Tulijua kila kisa cha uongo kilichopita katika simu, na kisa cha kweli kilichompata mwanetu hatukukijua. Hesabu za polisi nazo hazikukijua, kwani hakikuandikwa popote.

Jioni ya pili nilimpokea kwenye steji saa tatu kasoro, tukaipita njia ile pamoja. Nilitaka kuiona kwa macho yangu. Karibu na barabara kuu pana uhai: wauza mboga na taa zao, kinyozi, kibanda cha M-Pesa, wauza chapati, waendesha bodaboda waliovaa fulana za kung'aa. Hapo nisingeogopa hata kumtuma mtoto. Baada ya kona moja, giza. Nilihesabu hatua mia mbili na zaidi bila ya taa. Hatari aliyoihofia dada yangu ilikuwa hapo, katika hatua hizo mia mbili, na mbele yake na nyuma yake watu wanaishi kama waishivyo watu wengine wote.

Mama mmoja auzaye sukumawiki kwenye kona alitueleza mambo ambayo nisingeyapata katika taarifa yoyote. Kwamba mwisho wa mwezi, siku za mishahara, ndipo wezi wanapozidi. Kwamba anayezungumza na simu huku akitembea ndiye anayelengwa. Kwamba kwenye vivukio vya juu vya barabara kuu ni bora kupita pamoja na kundi, hasa alfajiri na usiku. Na kwamba kuna njia nyingine, ndefu kwa dakika tano, inayopita mbele ya maduka hadi saa nne. "Wasichana wengi wapya hawaijui," akasema. "Hawaniulizi. Wanapita tu na vitu vyao masikioni."

Siku ya Ijumaa nilikwenda Thika. Mji huo uko takriban kilomita 40 kutoka Nairobi, kati ya mito ya Chania na Thika, na reli iliufikia mwaka 1913. Ni mji wa viwanda, na pembezoni mwake kuna mashamba makubwa ya mananasi. Unao mtaa wa Majengo, jina ambalo msomaji wa Pwani atalitambua, kwani Mombasa, Nairobi, Nyeri na Nanyuki pia zina Majengo yao, na penye Majengo mara nyingi utamkuta Mwislamu na Kiswahili chake. Si mbali na mji upo mtaa wa Kiandutu, mtaa mkubwa wa mabanda, ambao jina lake kwa Kikuyu latokana na funza wanaoingia miguuni.

Baada ya swala ya Ijumaa niliketi na wazee na kina mama wachache wa msikiti. Nilipowaeleza kilichonileta, mama mmoja mtu mzima aliyevaa buibui alinitazama akaniuliza: "Sheikh, huyo dada yako anakaa wapi?" Nikamjibu, Kisauni. Akasema, "Na sisi huku tuliziona habari za vijana wenye mapanga wa Kisauni. Mwanangu alitaka kwenda kufanya kazi Mombasa, nikamkataza."

Wote wakacheka, nami nikacheka, lakini nilijua amenipata. Ni kweli Kisauni ilipata msiba wa vijana wa mapanga, na ni kweli pia dada yangu huenda sokoni kila siku, huenda darsani, na hurudi salama kwa kuwa ajua njia ya kupita na saa ya kupita. Mtaa wetu twaujua kwa undani. Mtaa wa wenzetu twaujua kwa habari zake mbaya peke yake.

Mama huyo hakuficha maovu ya kwao. Alizungumza juu ya pombe haramu, ambayo mwezi wa Julai 2015 serikali iliiendeshea msako mkubwa katika eneo hilo la kati, na ambayo bado inawaharibu vijana. Alikumbuka miaka ya Mungiki, kundi lililopigwa marufuku mwaka 2002 na likaendelea kuwatoza matatu pesa kwa vitisho. Kisha akataja jambo ambalo lilinigusa kuliko yote. Mtoto wa jirani yake alipigwa na kundi la watu waliomdhania kuwa mwizi, kwa sababu ya koti alilolivaa. Aliokolewa na mwenye duka aliyemjua kwa jina. Hadi leo anachechemea.

Ndugu zangu, hapa pana jambo la kuonyana. Watu waliochoka na wezi hushawishika kuhukumu wenyewe barabarani, kwa mawe na kwa moto. Sheria ya dini yetu haikumpa mpita njia haki ya kuhukumu, seuze kuua. Imetaka ushahidi, kadhi na utulivu, na imetufundisha kuwa kumkosea mtu kwa kumsamehe ni afadhali kuliko kumkosea kwa kumwadhibu. Hata walinzi wenye mishahara wapaswa kuulizwa. Mwaka 2023 vyombo vya habari vya ndani na vya nje vilichapisha tuhuma nzito dhidi ya walinzi wa shamba la mananasi la Del Monte hapo Thika, juu ya waliokamatwa kwa wizi wa matunda. Nanasi halina thamani ya roho ya mwanadamu. Mtaa unaowaua watuhumiwa hauwi salama. Huwa umeongeza wauaji.

Kina mama wale walinikumbusha pia jambo ambalo sisi wanaume hatupendi kulizungumza. Januari 2024 mwanafunzi wa kike aliuawa katika nyumba ya kukodi kwa siku kando ya barabara hiyo ya Thika, na kifo chake pamoja na vya wanawake wengine viliwatoa kina mama na wasichana kuandamana tarehe 27 ya mwezi huo, Nairobi na miji mingine, Mombasa ikiwemo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliona kuwa asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15, na mara nyingi aliyefanya hivyo ni mtu wa karibu. Basi tumfundishe binti kuiogopa njia yenye giza, na tumfundishe vile vile kwamba akiumizwa na mchumba, na mume au na jamaa, mlango wetu uko wazi na hatutamlaumu kwa kusema. Nambari 1195 hupigwa bure na aliyedhulumiwa kwa jinsia, na 116 ni ya watoto. Ziandikwe ukutani jikoni, karibu na ratiba ya swala.

Tulipomaliza, mzee mmoja alisema maneno machache juu ya Nyumba Kumi. Mpango huo Kenya iliuanzisha mwaka 2013 kwa kuiga mfano wa Tanzania, ili kila nyumba kumi zijuane na ziwe na wa kupeleka habari kwa chifu. Mahali pengine umelala. Katika ploti yake, akasema, wapangaji walikubaliana kila mlango utoe pesa kidogo wakafunga taa mbili nje ya lango na kuandikiana nambari za simu, na tangu hapo hawajavunjiwa. Nilipomsikia nilikumbuka mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba imani ya mtu haitimii ikiwa jirani yake hasalimiki na shari yake. Mafundisho hayo ni makubwa, na pale Thika niliyaona yakianza na taa mbili.

Jumamosi tuliketi, mimi na mpwa wangu, tukamfunga ngamia kama alivyofundishwa yule bedui: kwanza kamba, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Tulitafuta chumba kingine upande wa maduka. Kodi yake imezidi kwa shilingi elfu moja na mia tano, nami na mamake tutazichangia. Wasichana watatu wa kiwandani wanaoshuka steji hiyo hiyo wamekubaliana kurudi pamoja. Simu hukaa mfukoni hadi nyumbani. Jumatatu asubuhi, kabla sijaondoka, tulikwenda pamoja kituo cha polisi akaandikisha wizi wa mwezi wa tatu. Askari aliyetupokea aliandika kwa adabu, akatupa nambari ya kumbukumbu. Simu haitarudi, lakini ile njia ya ukutani sasa ina kisa chake katika daftari, na anayepanga doria huanza na daftari.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote. Nilimwambia ampigie mamake simu amweleze ukweli, nami nikiwa hapo. Alitetemeka kidogo. Upande wa pili palikuwa kimya kirefu, kisha nikamsikia dada yangu akilia, kisha akauliza swali moja tu: "Walikuumiza?" Alipojibiwa kuwa la, akamhimidi Mola, na baada ya hapo akaomba azungumze nami. Alinilaumu kwa dakika nzima, na nilistahili. Mwisho akasema, "Basi akae. Lakini kila usiku akishafunga mlango aniambie, na likitokea jambo anieleze mimi kwanza. Sitamwambia arudi."

Ahadi hiyo ya mwisho, wazazi wenzangu, ndiyo ninayowaomba muitoe nanyi. Watoto wetu wako Thika, Ruiru, Juja, Nairobi, wako Doha na Muscat. Hatuwezi kuwalinda kwa kuwaita nyumbani kila tunapoona video. Tunaweza kuwauliza njia wanayopita na saa wanayopita, kuwajua kwa majina wanaokaa nao, kuchangia kodi ya mahali penye taa, na kuwa watu ambao mtoto hataogopa kuwaambia kwamba ameibiwa. Anayekwenda kumtembelea mwanawe, asiishie chumbani kunywa chai. Atembee naye njia ile usiku, na amsalimu muuza mboga wa kwenye kona.

Nabii Ibrahim (A.S.), alipouombea mji wa Makka, aliomba amani na aliomba riziki pamoja. Binti yetu alikwenda bara kutafuta riziki, na ni wajibu wetu kumsaidia kuipata amani huko huko.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu mbele yao na nyuma yao, awaongoze vijana walioshika njia ya wizi waiache kabla haijawaangamiza, na ajaalie mitaa yetu, ya Pwani na ya bara, iwe ya watu wanaojuana. Amin.

Wabillahi tawfiq.